Historia ya Fundi Koki, Aliyekataa Kusamehewa

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa Idara ya Maji, na ninyi mliokuja kuona tu kama familia itathubutu kusoma yote, karibuni, ninayesoma ni binti yake wa kwanza, na nitasoma yote.

Marehemu baba yetu, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Fundi Koki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa mpakia mizigo na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaa wa reli kuanzia 1957 hadi 1964, ambako mwalimu mkuu alimchapa mara mbili kwa kuchezea bomba la shule, na mara ya tatu akamwomba alifunge, maana lilikuwa limewashinda walimu wote.

Baada ya chuo cha ufundi, tarehe 2 Januari 1970, aliajiriwa na Idara ya Maji kuwa fundi wa koki, zile koki kubwa za chuma zilizo kwenye mashimo chini ya barabara, na kazi hiyo aliipenda kupita kiasi, hata akisikia bomba linadondosha harusini alivua koti la suti akaenda jikoni kulitengeneza, jambo lililomuudhi sana mama yetu, kwa kuwa harusi mojawapo ilikuwa ya kwao wenyewe, tarehe 6 Desemba 1975. Walijaliwa watoto wanne, mimi mwaka 1977, pacha wawili wa kiume mwaka 1980, na kitinda mimba tarehe 2 Julai 1984.

Sasa naomba utulivu, kwa sababu maisha ya Baba yaliharibiwa na jambo moja dogo ambalo wakubwa hawakutaka kulisikia. Koki zote za mji huu hufunguliwa kwa kuzungushia kushoto, isipokuwa moja, ya bomba la mashariki, lililotandazwa na watu wengine kabla Idara haijaanzishwa, na hiyo ukiizungushia kushoto unaifunga. Mafundi walifundishana kwa mdomo, Baba akaandika mara tatu kuomba kibao kibandikwe pale, akajibiwa mara tatu kwamba mafundi wanajua, inatosha.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1984, saa nane mchana, bohari ya nafaka upande wa mashariki ilishika moto, Baba akiwa kituo cha pampu upande wa pili wa mji, alikoamriwa akae, na Mhandisi Mkuu, aliyehamia hapa mwezi mmoja tu kabla ya hapo, akashuka shimoni mwenyewe, akazungusha kushoto kwa nguvu zake zote akidhani anaongeza maji, mipira ya zimamoto ikakauka, bohari ikateketea, na walinzi watatu wakafa, Mungu awarehemu. Alitafutwa wa kubebeshwa lawama, akapatikana fundi aliyeijua koki ile kuliko wote, ikatangazwa kwamba ametumwa na maadui wa nchi, na mwenzake wa pampu alimkimbilia njiani akamwambia, "Kaka, usiende nyumbani, wako mlangoni kwako," naye akavuka mpaka na nguo alizovaa, akahukumiwa miaka thelathini tarehe 20 Novemba bila kuwepo, na shimo la koki likafunikwa kwa zege.

Miaka kumi na tano alikaa ugenini, yeye fundi mwenye cheti akichimba mitaro kama kibarua, kwa sababu cheti kilibaki kwenye droo ya kabati letu, na huku nyumbani mama yetu, mshonaji wa sare za shule, aliitwa mke wa msaliti na watu ambao watoto wao walivaa mishono yake, akaambiwa ahame mtaa, akajibu, "Mume wangu hajachoma kitu, na mimi sihami," akaendelea kushona.

Vita vilianza Februari 1999, mwishoni mwa Aprili bomba kuu likapigwa kombora, na Baba akasikia redioni kwamba hospitali ina siku kumi na moja bila maji, akafunga spana zake mbili ndani ya gunia, akaanza safari ya kurudi, wakati nchi nzima ilikuwa inakimbia kutoka, watu wakimpisha njiani wakidhani amepungukiwa na akili. Tarehe 14 Mei alifika mpakani, ofisa akafungua daftari, akalikuta jina, na Baba akamwambia, "Jina ni langu, kosa si langu, nifunge pingu ukitaka, ila nipeleke kwenye maji kwanza."

Aliletwa na askari wawili mpaka shimo la mashariki, ambako zege lilikuwa limevunjwa, na mhandisi kijana alikuwa siku ya tatu anahangaika kufungua bomba la zamani, mikono yote malengelenge. Baba alikaa ukingoni na pingu zake, akamwomba amwonyeshe anavyofungua, kijana akazungusha kushoto, na Baba akalia, mara ya kwanza tangu aondoke, akasema, "Hivyo hivyo ndivyo alivyofanya bosi wenu." Alifunguliwa pingu, akazungusha kulia mara arobaini na mbili, maji yakafika hospitali saa kumi na nusu jioni, na wote waliokuwepo wakaelewa nani aliifunga koki ile, kijana akaandika ripoti kurasa tisa, ripoti ikapelekwa kwa Mkurugenzi, na Mkurugenzi alikuwa ndiye yule Mhandisi Mkuu wa zamani. Haijaonekana mpaka leo.

Baba hakurudishiwa pingu, maana mji ulimhitaji, akaendesha maji yake chini ya makombora kwa miaka miwili, hukumu ikiwa bado juu yake, akafahamiana na kitinda mimba wake aliyekuwa anakaribia miaka kumi na tano, na amani iliporudi akaletewa barua ya msamaha, akaikataa, akasema msamaha ungemfanya awe ameua walinzi watatu, akadai kesi isikilizwe upya, mara sita, na mara sita akaambiwa faili halionekani.

Alianza kuugua moyo mwezi wa Aprili 2014, akalazwa katika hospitali ile ile, akafariki Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2016, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na saba, tukiwa naye sote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliohifadhi watoto wa msaliti bila kuuliza kitu, mwenzake wa pampu, mhandisi kijana ambaye sasa ana mvi, na mafundi wote waliobeba jeneza hili.

Idara nayo ililetea familia ujumbe jana saa tisa alasiri, kwamba Baba atazikwa kwa heshima za serikali tukikubali msamaha usomwe hapa, Mama akausoma, akaukunja, akanipa. Afisa aliyeuleta ameketi safu ya tatu, tunamwomba aje auchukue kabla hatujashusha jeneza, aurudishe kwa waliomtuma, na awaambie kwamba ombi la saba la kesi kusikilizwa upya litafika mezani kwao Jumatatu, lina saini ya mjane wake na ya watoto wake wanne.

Pumzika kwa amani, Baba, hukuwa na kosa.