Neno Ambalo Mama Tecla Hakulisema Barazani

Mama Tecla Chepngeno alizaliwa mwaka 1938 huko Mogogosiek, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Alfayo arap Kirui. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akabaki nyumbani kumsaidia mama yake kuchuma chai.

Mwaka 1957 aliolewa na Mzee Noah Kipngetich wa Kedowa, wakajaliwa watoto watatu. Alifuga ng'ombe wa maziwa, akalima mahindi, akaimba kanisani. Aliyapenda maua mno. Aliyapanda hata kwenye sufuria zilizotoboka, na mgeni hakupewa chai kabla ya kuzungushwa kuyaona.

Pasaka ya 1994 alimtembelea mwanawe Benard mjini Kisumu. Huko ziwani aliona ua la zambarau linaloelea, akalipenda, akalibeba kwa beseni na kulitia, bila mtu kumwona, katika bwawa la kijiji la kunyweshea ng'ombe. Lilikuwa gugu maji. Baada ya mwaka mmoja lilikuwa limefunika bwawa zima, maji hayakuonekana tena. Ndama wa jirani alidhani ni nyasi, akaingia, akazama.

Juni 1995 chifu aliita baraza. Afisa wa kilimo akaeleza kwamba sheria inakataza mtu kuingiza mmea wa kigeni kwenye maji bila ruhusa, na anayefanya hivyo anaweza kufungwa. Mtu mmoja akapaza sauti: "Ni Gekara! Si yeye ndio huenda Kisumu kila wiki?"

Gekara Nyang'au, jirani yetu kutoka Nyamira, aliuza samaki sokoni. Alisimama akasema, "Mimi naleta samaki, sijaleta maua. Muulizeni Mama Benard, boma zetu zimepakana."

Watu wote wakamgeukia Mama. Akasema, "Mimi sijui."

Gekara alipelekwa mahakamani, akafungwa miezi mitatu. Siku zile za chuki za kikabila, mtu wa kutoka upande wao hakuhitaji kosa kubwa ili aambiwe arudi kwao. Alipotoka aliuza shamba, akahama na mkewe Yunia na watoto.

Mama aling'oa maua yake yote. Tulidhani ni ugonjwa. Desemba 1997 alimwambia ukweli binti yake Nelvine, ambaye ndiye anayewasomea haya, wakaenda pamoja Nyamira. Yunia aliwapikia chai. Mama akapiga magoti, akaomba msamaha. Gekara akasema, "Nimekusikia, mama. Lakini ulinikana mbele ya watu wote. Hapa tuko wanne tu."

Mama aliahidi kusimama katika baraza la Februari. Mwezi wa Januari presha ilipanda, akapata kiharusi, na sauti ikapotea. Alilazwa hospitalini Kericho, ambako alifariki tarehe 14 Machi 1998.

Leo tuko wengi, na chifu yuko. Kwa aibu kubwa, mbele ya jeneza la mama yetu, tunasema: Gekara Nyang'au hakuleta lile gugu. Aliyelileta ni Mama Tecla, na alijua, akanyamaza. Tulimwalika Mzee Gekara. Kufikia sasa hajafika, na hatumlaumu.

Mama ameacha mume, Mzee Noah; watoto Benard, Chepkurui na Nelvine; na wajukuu tisa.

Mungu ampe amani ambayo miaka yake ya mwisho hapa Kedowa hakuipata.