Bi Dagaa, Mchonga Vielelezo vya Chambo, na Dirisha Lililozibwa

Ndugu, jamaa, majirani, wafanyakazi wenzake, na nawe uliyeleta shada kubwa kuliko yote: nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya shangazi yangu. Wazee wameniomba nisome kwa upole. Nitajaribu.

Shangazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Dagaa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971 katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yake. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Babu alikuwa seremala wa milango na vitanda. Bibi alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Vipande vya mbao laini vilivyoanguka chini ya meza ya babu ndivyo vilivyokuwa vitu vyake vya kuchezea, na kila alichokiokota alikichonga samaki. Bibi alikuwa akimwambia, "Wenzako wanabeba watoto wa vitambaa mgongoni, wewe unatembea na kitoweo mfukoni!"

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha akaingia sekondari. Aliachishwa akiwa kidato cha pili. Hakufeli. Nyumba ilikuwa na uwezo wa kusomesha watoto wawili, na wawili waliochaguliwa walikuwa wavulana. Mmoja wao ni baba yangu, amekaa pale mbele, naye anajua nasema kweli. Mwalimu wa sayansi alikuwa na samaki mmoja aliyechongwa na marehemu, mwenye kila pezi mahali pake, akimtumia kufundishia. Marehemu alipoondolewa, mwalimu aliendelea kufundisha na samaki yule yule. Samaki alibaki darasani. Mchongaji alirudishwa nyumbani kuosha vyombo.

Hakukaa akilia. Alianza kuwachongea wavuvi wa bwawani chambo bandia, wale samaki wa uongo wanaofungwa ndoana ili kumdanganya samaki wa kweli. Lakini mti ulikuwa mzito, na kuchonga kila mmoja kwa mkono kulimchosha. Mwaka 1994 alimwona fundi wa majokofu akichanganya dawa mbili kwenye kopo, na kopo likaumuka povu, likakauka jepesi kama ganda la yai. Alirudi nyumbani mbio, kanga moja ikiburuzika nyuma, akimwambia babu, "Baba, nimeona nyama ya samaki wangu!"

Kazi yake ilikuwa hivi. Alichonga kielelezo kimoja cha mti, samaki kamili mwenye magamba na jicho. Akakilaza, nusu yake ikazama kwenye udongo wa mfinyanzi, akamimina plasta juu. Ilipokauka aligeuza, akamimina upande wa pili. Samaki akitolewa, inabaki kalibu: vipande viwili vya plasta, katikati pana uwazi wenye umbo la samaki. Humo alitega waya wa ndoana na chubwi ya kumpa uzito, akamimina zile dawa mbili, nazo zikaumuka kama unga wenye hamira hadi zikajaza kila gamba. Na kila kalibu, bila kukosa, aliitoboa tundu dogo mkiani. "Povu likisukuma," alituambia, "hewa ipate pa kutokea. Kalibu isiyopumua inazaa samaki mwenye mashimo." Naomba mkumbuke maneno hayo.

Kielelezo lazima kipakwe mafuta kabla ya plasta, la sivyo plasta hukikamata. Mara ya kwanza alisahau. Babu alilazimika kuivunja kalibu kwa nyundo, na dagaa aliyechongwa kwa majuma akatoka bila kichwa. Hapo ndipo alipopewa jina la Bi Dagaa, kwa utani, na hapo ndipo mafuta ya kujipaka yalipoanza kuadimika katika ukoo wetu. Sisi watoto wa kaka yake tulikwenda shule miguu imepauka kama tumetoka kinuni. Mama alipolalamika, marehemu alimjibu, "Wifi, mtoto akipauka haumwi. Dagaa wangu akikwama ndio basi tena."

Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, alimpata kwa sababu ya kosa. Alikuja uwani na chambo mkononi, uso umekunjamana.

"Dada, samaki wako anaogelea chali."

"Kaka, samaki wangu hanywi pombe. Labda wewe ndiye uliyesimama kichwa chini."

Fundi akaomba ndoo ya maji. Akamtia samaki mbele ya watu wote. Samaki akageuka, tumbo juu. Ukweli ni kwamba siku hiyo marehemu alikuwa ameilaza kalibu kinyume, akaitega chubwi mgongoni badala ya tumboni. Alimtazama samaki, akamtazama fundi, akasema, "Basi mwache, anaota jua." Fundi alirudi kesho yake bila chambo chochote cha kulalamikia. Walifunga ndoa tarehe 12 Julai 1997, wakajaliwa mabinti wawili. Yule samaki anaogelea chali hadi leo, ametundikwa juu ya mlango wao.

Kwa miaka kumi na mitano marehemu alimimina povu uwani, chini ya paa la bati lisilo na ukuta, upepo ukipita. Kifua chake kilikuwa kizima. Akiita mtoto, mtaa wa tatu wanageuka. Mwaka 2009 mwenye duka la vifaa vya uvuvi, ambaye yuko nasi hapa, alimwajiri kusimamia chumba cha nyuma ya duka lake. Marehemu alikwenda na vielelezo vyake mwenyewe, vilivyochongwa kwa mikono yake na kwa patasi ya baba yake. Naomba hilo lieleweke: alikwenda navyo.

Chumba kile kina madirisha mawili. Niliyaona. Yamebandikwa magazeti, tabaka juu ya tabaka, na juu ya magazeti mbao za makasha. Mwenye duka aliogopa washindani wasichungulie maumbo. Alimwambia, "Bi Dagaa, macho ya watu ndiyo wezi wakubwa." Hata lebo za makopo ya dawa alizibandua, watu wasijue ananunua wapi, kwa hiyo waliokuwa wakiuvuta mvuke wake hawakujua wanavuta nini.

Marehemu hakunyamaza. Wenzake sita wa chumba kile wamekaa mstari wa tatu, waulizeni. Alimwambia, "Bosi, vielelezo vifungie kabatini, dirisha tuachie."

"Upepo unaharibu povu."

"Mimi nimeliumua uwani miaka kumi na mitano, na upepo ulikuwepo."

"Kule ulikuwa unacheza, mama. Hapa ni biashara."

Kila kalibu katika chumba kile ilikuwa na tundu la kupumulia. Watu hawakuwa nalo.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Mwanzoni kilikuwa cha Ijumaa, kikapumzika Jumapili, na Jumatatu kikamsubiri mlangoni. Kisha kikahamia nyumbani moja kwa moja. Daktari alimuuliza, "Mama, unavuta sigara?" Akajibu, "Daktari, mimi navuta samaki tu." Daktari hakucheka. Aliomba aletewe lebo ya dawa anazofanyia kazi, naye hakuwa na lebo ya kupeleka. Hata hivyo daktari alisema wazi: mapafu yameumia kwa mvuke, afanye kazi mahali penye hewa au aache. Marehemu alipoyafikisha maneno hayo dukani, alipewa pakiti ya maziwa. Aliambiwa maziwa husafisha kifua.

Maziwa! Mtu anazama, wewe uliye ukingoni na kamba mkononi unamrushia maziwa!

Nimeombwa niwe mpole. Naendelea.

Kwa nini hakuacha? Wapo wanaouliza hivyo, na wengine wao wamekaa hapa. Alikuwa na mabinti shuleni, na aliapa hakuna hata mmoja atakayetolewa kidato cha pili. Wote wawili walimaliza. Kila asubuhi aliingia katika chumba kile akijua anachokiingia, nasi tulipokea matunda yake na kumwambia pole. Lawama si ya mwenye duka peke yake. Ila dirisha ni lake.

Januari mwaka huu aliacha kwenda kazini, akarudi nyumbani na vielelezo vyake, na hakuweza tena kupanda ngazi za nyumba yake. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni. Hata hivyo utani haukumwisha, mumewe alipomlaza vibaya alisema, "Fundi, umeniwekea chubwi mgongoni." Siku alipolazwa mara ya mwisho, alimwita binti yake mkubwa, akamwambia kwa vipande, kwa kuwa pumzi haikutosha sentensi nzima: "Vielelezo viko kwangu. Asipewe hata pezi. Mpaka dirisha lifunguliwe."

Alifahamu anachokisema. Kalibu ya plasta huchakaa. Kila samaki anayetoka huondoka na chembe ya magamba yake, mwishowe samaki hutoka laini kama kipande cha sabuni, na samaki wa sabuni hamdanganyi mtu wala samaki. Lazima itengenezwe kalibu mpya, na kalibu mpya haitoki popote isipokuwa kwenye kielelezo. Marehemu hakuacha shamba wala nyumba ya kupangisha. Aliacha hicho, na alikiacha kwa ajili ya wale sita.

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono.

Jumanne mwenye duka alikuja msibani. Alitoa pole, akakaa, akamvuta baba mkubwa pembeni, si mbali vya kutosha. "Marehemu aliondoka na vitu vya duka," alisema. "Vile vya mti. Msiba ukiisha mnirudishie." Kisha akaomba wasifu huu useme kwamba marehemu alitumikia duka kwa furaha hadi maradhi ya kawaida yalipomchukua. Niliposema sitaandika hivyo, baba mkubwa alinishika bega. "Mwanangu, msiba si mahakama."

Mgane wa marehemu, fundi wetu, ambaye tangu Jumapili hakuwa amefungua kinywa hata kwa chai, aliinua kichwa.

"Wala si duka," alisema.

Baba mkubwa aliondoa mkono begani pangu. Ndiyo maana nasoma haya, na ndiyo maana yamechapishwa kama yalivyo.

Mzee wa duka, hukufukuzwa hapa, wala shada lako halikutupwa. Lakini sikia mbele ya kaburi lililo wazi. Kati ya wale sita, wawili wanakohoa. Umewasikia wakati wa sala kama sisi tulivyowasikia. Wote wameafikiana hawarudi katika chumba kile mpaka mbao zitoke, magazeti yatoke, na makopo yarudishiwe lebo zake. Siku hiyo binti mkubwa wa marehemu ataleta kielelezo cha kwanza, kile cha dagaa, kwa mkono wake mwenyewe, na kazi itaendelea. Isipofika siku hiyo, uwa wa marehemu bado una paa na hauna ukuta, na wenzake wanajua njia. Uamuzi ni wako. Nyundo ya kung'olea misumari kama huna, fundi atakuazima.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mmoja mwalimu na mwingine mwanafunzi wa uuguzi, mjukuu mmoja ambaye tayari ameonekana akimkwangua samaki kwenye kipande cha mbao, kaka wawili, dada mmoja, mawifi na mashemeji, na sisi watoto wa kaka zake wenye miguu iliyopauka, wenzake sita, na samaki mmoja anayeota jua juu ya mlango.

Apumzike kwa amani, mahali penye hewa.