Kisanduku Alichokirudisha Mama Laini

Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Laini anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na mmoja, yote kwenye meza ya mapokezi, yote akiwa na simu karibu na mkono. Wakurugenzi wamekuja na kuondoka. Meza yenyewe imebadilishwa. Yeye na simu yake hakuna aliyethubutu kuwagusa, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo tunayotaka kuieleza hapa kabla hajatuzuia.

Wageni hudhani jina hilo alipewa kwa upole wake. Wakishakaa kidogo kwenye benchi la mapokezi hugundua kwamba laini inayosemwa ni ile ya simu. Alipoajiriwa, ofisi nzima ilikuwa na laini moja, na aliyetaka kupiga alipita kwake, akaeleza anampigia nani, kwa jambo gani, na kwa nini asimwandikie barua. Simu za mkononi zilipoingia alizipokea kama mtu anavyompokea mkwe asiyemtaka: kwa heshima, na kwa mbali.

Lakini kazi aliijua. Mteja aliyepiga akifoka aliulizwa kwanza habari za nyumbani, na hasira ikaishia hapohapo mapokezi bila kumfikia mhusika. Mhasibu wetu alipopata mtoto wa kwanza, hospitali ilipiga kwa Mama Laini, naye akapanda ngazi mbio, viatu mkononi, kwenda kumpa habari. Mhasibu alilia. Mama Laini alimpa dakika tano za kulia, kisha akamwambia avae koti aende.

Tena hakai na kitu cha mtu. Kalamu, miwani, hata kifuniko cha chupa, atahakikisha kimerudi kwa mwenyewe. Aliwahi kumkimbiza mgeni hadi barabarani kumpa mwavuli aliousahau, akamlazimisha kuupokea. Mwavuli ulikuwa wa Mkurugenzi.

Tabia hiyo njema ndiyo iliyotuponza mwaka tuliohama kampuni ya mtandao. Intaneti yetu ni ile ya DSL, inayopita kwenye waya uleule wa simu. Kampuni ya zamani ilikuwa imetuchosha, na Mama Laini ndiye aliyekabidhiwa kuiaga. Alikusanya kila kilichokuwa chao, modemu na nyaya zake, akavifuta vumbi, akavifunga vizuri, na kijana wao alipokuja kuvichukua akamwambia, “Chukueni na vikorokoro vyenu vyote, tusije tukadaiana.” Tulimpigia makofi.

Kampuni mpya ikafunga modemu mpya. Taa ikawaka kijani, tukashangilia mapema. Kuanzia siku hiyo mtandao ukawa unakufa na kufufuka bila utaratibu. Unatuma taarifa, inafika nusu, kimya. Mhasibu alisema ni mvua. Dereva alisema ni panya. Sisi wa masjala tulilisingizia friji, tukalizima, maziwa yakaganda na mtandao ukakata vilevile.

Aliyeongoza msako alikuwa Mama Laini. Alimhoji kila mtu kuhusu kila kitu alichochomeka ukutani. Fundi wa kampuni mpya alikuja mara kadhaa, na kila alipokuja mtandao ulikuwa mzima, maana Mama Laini aliahirisha simu zote ili, kama alivyosema, apate nafasi ya kumhoji yeye. Alichomoa hata waya wa simu ili asisumbuliwe. Fundi aliuliza, kwa adabu, kama simu ya mapokezi ina kichujio. Mama Laini akamjibu kwamba simu ile haijawahi kuwa na kasoro tangu fundi huyo yuko shule ya msingi. Swali likafungwa.

Kisha ikaja Alhamisi aliyoomba ruhusa kumpeleka mama mkwe wake kliniki. Kama kawaida yake akiwa hayupo, alichomoa simu, akaifungia kabatini, akaondoka na ufunguo. Siku ile mtandao ulikwenda kama maji. Tulifanya kazi za wiki nzima. Ijumaa asubuhi akatukuta tunachekelea kwamba ugonjwa umepona, naye akafurahi kweli, akachomeka simu, akainua mkonga wake kumpigia mumewe kumpa habari njema.

Mtandao ukakata.

Dereva ndiye aliyeanza kumtazama, na wengine tukafuata. Bahati mbaya Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, na ripoti yake ilikuwa nusu ya safari. Akatamka palepale kwamba simu hiyo iondolewe Jumatatu, watu watumie za mkononi, na Mama Laini ahamie stoo kuhesabu karatasi.

Hapo mzaha uliisha. Mama Laini bila simu ni nani? Tulimwona amekaa, mkono juu ya simu kama mtu anayempima mtoto homa. Tulikuwa tumeulilia mtandao siku zote hizo, na sasa tulitamani ufe moja kwa moja kuliko yeye kwenda stoo.

Baada ya chai alisimama. Alisema, kwa sauti ile ya kutangaza wageni, kwamba amekumbuka. Kwenye mkia wa simu yake kulikuwa na kisanduku cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, na kilikuwa na jina la kampuni ya zamani. Kwa kuwa hakai na kitu cha mtu, alikichomoa akakirudisha pamoja na vikorokoro vingine. “Kwa hiyo mchawi mliyekuwa mnamtafuta ni mimi,” alisema. “Msiniangalie hivyo, hata mimi nilikuwa namtafuta.”

Alipiga kampuni ya zamani kwa simu yake, mtandao ukakata kwa heshima ya mazungumzo hayo, na hakuna aliyelalamika. Walimtambua kwa sauti. Walimweleza kwamba kile ndicho kichujio, kinachotenganisha maneno na intaneti visigombanie waya, na kwamba kipo juu ya kabati lao, kwa sababu hakuna mteja mwingine aliyewahi kukirudisha, nao hawakujua wakiweke wapi. Wakamwambia achukue tu, ni chake. Alikifuata mwenyewe, na alitaka wamhakikishie mara mbili.

Alipokifunga, ofisi nzima, Mkurugenzi akiwemo, ilizunguka modemu. Mama Laini akampigia dada yake. Wakaanza na afya, wakaja kwenye watoto, wakaingia kwenye harusi ambayo hawakualikwa. Taa ilibaki kijani. Mkurugenzi alisubiri wamalize ili atamke rasmi kwamba simu inabaki, lakini hawakumaliza, akatamka hivyohivyo akarudi ofisini kwake.

Wiki hii Mama Laini amekuwa akirudisha kila kitu: ufunguo wa kabati, kikombe, hata kalamu aliyopewa zawadi. Tumelazimika kupeana zamu ya kukilinda kile kisanduku. Mpaka tunaandika haya, bado kipo.

Leo asubuhi amechelewa kidogo, alikuwa akisaini karatasi zake za mwisho ghorofani. Simu ikalia. Taa haikupepesa. Sote tukageukia kiti chake, na hakuna aliyejua kuipokea.

Asante, Mama Laini, kwa kutusikiliza hata pale ulipokuwa unatukaripia. Tunakutakia maisha mema, afya, na mume mwenye subira sasa kwa kuwa utakuwa nyumbani siku nzima. Tutakukosa sana. Tupigie wakati wowote, na uongee utakavyo. Mtandao hautakatika.