Sosthène Birindwa, Seremala wa Makaburi ya Oktoba

Mchungaji, wazee wa kanisa, wafiwa, majirani zetu wa Frogtown na ninyi mliosafiri kutoka mbali, mimi naitwa Reine, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, huku ikiniomba nisiongeze chumvi, jambo ambalo nimeahidi kujaribu.

Kaka yetu Sosthène Birindwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Nyangezi, Kivu ya Kusini, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kasika na mkewe, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi palepale Nyangezi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha akapelekwa Bukavu kujifunza useremala kwa wamisionari, akamaliza Juni 1975, na tangu hapo hakuwahi kukalia kiti cha mtu bila kwanza kuinama na kukichungulia chini kuona kimeungwaje, tabia iliyotutia aibu katika nyumba nyingi.

Mwaka 1978 alifungua karakana yake mtaani Kadutu, Bukavu, akatengeneza milango, vitanda, mabenchi ya kanisa na majeneza. Alikuwa akisema kwamba mlango ukiharibika mwenyewe atarudi kukugombeza, lakini jeneza likiharibika hakuna atakayerudi kulalamika, ndiyo maana jeneza ni lazima ulitengeneze vizuri zaidi.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu na Vestine, wifi yangu aliyeketi hapa mbele yenu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Anicet mwaka 1986, Ildephonse mwaka 1990 na Rachelle mwaka 1993. Oktoba 1996 vita vilipofika Bukavu, familia ilikimbia hadi Uvira, ikavuka ziwa, ikapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Huko, tarehe 9 Januari 1997, Ildephonse alifariki kwa homa akiwa na miaka sita, na kwa kuwa ubao haukupatikana kambi nzima, fundi wa majeneza alimzika mwanawe katika mkeka. Jambo hilo hakulizungumza, nami sitalirefusha.

Tarehe 8 Juni 2011, baada ya miaka zaidi ya kumi na minne kambini, tuliwasili Saint Paul huku ng'ambo, tukapanga nyumba katika mtaa huu wa Frogtown, naye akapata kazi katika kiwanda cha makabati upande wa Minneapolis, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomshinda. Alikuwa akiondoka gizani na kurudi jioni, na kwa miezi minne hakuna jirani hata mmoja aliyejua jina lake, wala yeye hakujua la mtu.

Sasa ndugu zangu, mwisho wa Oktoba mwaka ule, marehemu alishuka kwenye basi akakuta mbele ya nyumba ya jirani yetu, Bwana Lindquist, makaburi sita, jeneza moja lililo wazi, na mkono wa mtu ukitokeza ardhini. Aliingia ndani amefadhaika, akatuambia jirani amefiwa na watu wengi kwa mpigo, tena mmoja hajafukiwa vizuri, akavaa suti, akamwamuru mkewe ajifunge kitenge cha msiba, nami nikabebeshwa chupa ya chai, mchele na sukari, tukaenda kutoa pole. Mzee wa watu alifungua mlango, akatutazama, akatukaribisha, nasi tukaketi sebuleni kwake, tukaimba wimbo mmoja wa maombolezo hadi mwisho, na marehemu akaomba kwa muda mrefu sana. Ndipo Rachelle, aliyekuwa ametoka shule, akatufuata mbio akiwa amejifunika uso kwa aibu, akatueleza kwamba ile ilikuwa Halowini, sikukuu ya kutishana, na kwamba makaburi yale yalikuwa ya povu lile gumu la kuzibia baridi kwenye kuta, na aliyezikwa mle hakuna.

Bwana Lindquist hakucheka. Alimwomba Rachelle atutafsirie kwamba mkewe alikufa mwezi wa Aprili mwaka uleule, na kwamba tangu azikwe, katika mtaa mzima, sisi tulikuwa wa kwanza kuja kukaa katika nyumba ile. Kisha akamimina ile chai yetu, na wazee hao wawili wakalia pamoja bila kuwa na lugha moja ya kusemezana.

Walipomaliza kulia, marehemu alitoka nje, akainama, akalichunguza lile jeneza, akatikisa kichwa. Lilikuwa limepigiliwa misumari ovyo ovyo, na kaka yangu angeweza kuvumilia mengi lakini si jeneza bovu, hata la mchezo, kwa hiyo Jumamosi iliyofuata alilifumua na kuliunga upya, na ingawa Halowini ilikuwa imekwisha kupita, Bwana Lindquist alibaki kumshikia taa.

Kuanzia mwaka 2012 uwanja wetu nao ukawa na makaburi. Yeye na Bwana Lindquist walitengeneza vichwa vya mazimwi kwa magazeti yaliyolowekwa katika uji wa unga, wakaunda mifupa kwa mabomba ya plastiki, wakavisha mizimu mashuka makuukuu, na kutoka gari bovu wakachomoa mota ya waipa, wakaifunga chini ya kifuniko cha jeneza ili kiinuke na kushuka chenyewe. Marehemu alikataa katakata kuandika jina la binadamu juu ya kaburi lolote, akasema makaburi ya watu anayajua, kwa hiyo kwenye mawe yake mlisoma kwamba hapa amelala Uvivu, hapa amelala Bili ya Gesi, na lile lililopendwa kuliko yote, hapa amelala Theluji ya Aprili, asifufuke. Ikifika tarehe 31 watoto wa Kihmong na wa Kikaren, ambao wazazi wao nao walikuja kama wakimbizi, na wengine weusi na weupe, walipanga foleni hadi kona, wazazi wao wakimwita kwa jina, na yeye akiwagawia peremende mmoja mmoja huku akiwauliza habari za nyumbani kwa Kiingereza chake kilichokwaruza kama kibao kisichopigwa randa.

Haikuwa rahisi, na wifi yangu ameniruhusu niseme. Marehemu alikuwa mzee wa kanisa, na Novemba 2014 baraza lilimwita likamwambia kwamba mzee wa kanisa hawezi kupamba uwanja kwa vitu vya kuzimu, achague moja. Aliwaomba waje waone kwa macho yao, hawakuja, naye akawajibu maneno ambayo wengine wenu mliyasikia kwa masikio yenu: "Mwaka muzima hakuna mutu anagonga mulango yangu. Siku moja tu, banagonga bote. Sasa nizime taa?" Akavuliwa uzee. Jumapili iliyofuata aliketi palepale alipozoea kuketi, na benchi la kanisa lilipolegea mguu, aliyeleta gundi na nyundo alikuwa ni yeye.

Kilichomuuma si kuvuliwa cheo, bali yaliyotokea nyumbani kwake, kwa sababu Vestine alikubaliana na baraza. Kina mama wa maombi walikuwa wamepunguza kumtembelea, na kila ifikapo tarehe 31 Oktoba Vestine alijifungia chumbani kwa sala tangu jioni, asitoke hadi mtoto wa mwisho aondoke. Walipendana, hilo nalishuhudia, lakini kila mwaka jioni hiyo walikuwa watu wawili katika nyumba mbili, na kila mwaka marehemu alimwekea kiti cha pili mlangoni, na kila mwaka kilibaki kitupu.

Februari 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, akatibiwa katika hospitali huko Minneapolis, akapata nafuu, lakini ugonjwa ukarudi Juni mwaka huu wa 2019. Alimuuliza daktari kama atafika tarehe 31 Oktoba, daktari akasema hawezi kumwahidi, naye akajibu kwamba basi kazi itabidi imalizike mapema. Julai yote na Agosti yote alikaa kitini ndani ya gereji, Anicet akikata, Bwana Lindquist akija kutoka Woodbury kwa bintiye anakoishi siku hizi, na marehemu akikagua kila kiungo na kurudisha kile asichokiridhia, mwili umekwisha lakini ubishi uko palepale. Tarehe 5 Oktoba uwanja ulikuwa tayari. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2019, alifariki nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa Vestine.

Jumapili familia ilikutana, tukaona si heshima waombolezaji wapite kati ya makaburi ya povu kuja kwenye msiba wa kweli, tukakubaliana vyote viondolewe, na Anicet akaanza kung'oa. Lakini tangu Alhamisi ile, kabla hata baadhi ya ndugu hawajapata habari, wazazi wa wale watoto wa foleni walikuwa wakigonga mlango na masufuria ya wali na supu, wakiingia, wakiketi na mjane, na Vestine alikuwa akiwatazama. Akatoka nje akamshika mwanawe mkono. "Muache vile iko," akasema. "Siku yenyewe, mimi ndiye nitakaa ku mulango." Baadaye aliniambia kwamba Halowini bado haipendi, lakini kukaa mlangoni ameamua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote, hasa waliokuja kumhudumia nyumbani, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, na Wanjohi aliyempakia garini kila asubuhi alipokuwa hawezi tena kupanda basi. Tunawashukuru majirani, na Bwana Lindquist aliyekaa nasi siku zote hizi. Tunalishukuru kanisa, lililotofautiana naye na leo limempokea. Alhamisi ijayo, tarehe 31, saa kumi na mbili jioni, Mama Anicet atakuwa amekaa mlangoni, na kila atakayegonga atakaribishwa.

Kaka, pumzika kwa amani, kazi ya Alhamisi tutaifanya sisi.