Weng Suqin, Aliyembeba Bibi Kutoka Ghorofani (1939–2021)

Marehemu aliagiza kwamba siku ya leo asiitwe jasiri. Basi hataitwa.

Weng Suqin alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 kijijini Nanpu, hapa kisiwani Kinmen, karibu na pwani ya China bara, mtoto wa pili wa mzee Weng Shuiyuan, mkulima wa karanga na viazi vitamu, na mama Chen Zhu. Alikuwa mtoto mwoga. Aliogopa bata, aliogopa radi, aliogopa hata mganga wa meno aliyepita kijijini mara moja kwa mwaka.

Alisoma shule ya msingi Nanpu hadi darasa la nne. Oktoba 1949 vita vilipofika pwani yetu, wanajeshi waling'oa milango ya madarasa wakaijengea mahandaki, na masomo yakaishia hapo. Aliingia kazini na mama yake, akivuna chaza kwenye mawe maji yakipwa, na jioni akifua sare za askari.

Tarehe 23 Agosti 1958 mshenga alimpeleka kwa ukoo wa Hong akaonwe. Nyumba yao mnaifahamu. Ndiyo hii tuliyokusanyika uani kwake. Aliijenga babu yake mchumba mwaka 1921, aliporudi na mali kutoka Surabaya: mbele ameweka nguzo na matao ya Kizungu, malaika wa lipu na walinzi wawili wa Kihindi wenye vilemba; nyuma, paa la kwetu lenye ncha zilizopinda; na ubavuni, mnara wa kuta nene dhidi ya maharamia. Suqin hakuwahi kuingia nyumba ya namna hiyo. Alipofika mlangoni alimwinamia mlinzi mmoja, akamwamkia kwa adabu zote.

Mshenga akamfinya. "We binti, hilo ni lipu! Wakikuona watasema nimewaletea punguani."

Mchumba mwenyewe, Hong Tianci, alikuwa pwani siku hiyo. Ndani alimkuta mama mkwe mtarajiwa, na ghorofani, mbele ya vibao vya majina ya mababu, ameketi Bibi Cai, nyanya yake Tianci, mwenye miaka sabini na minane. Miguu ya Bibi Cai ilifungwa kwa vitambaa tangu utotoni, kama ilivyokuwa desturi ya zamani, ikabaki midogo kama ya mtoto; ngazi kwake zilikuwa mlima. Suqin alimpandishia chai tamu, na vikombe vikawa vinagongana kwenye sinia.

"Mikono yako ina nini?"

"Ninaogopa, Bibi."

"Unaogopa nini? Mimi siumi, meno yameisha."

Alikuwa ameshashuka, saa kumi na moja na nusu jioni, makombora yalipoanza kuja kutoka ng'ambo, China bara. La kwanza, aliona vumbi lake kabla ya kusikia mlio. Vioo vya rangi vya madirisha vilimwagika sebuleni, na wanawake watatu wakakimbilia mnarani: Suqin, mshenga na mama mkwe. Walipobana mgongo ukutani ndipo mama mkwe alipopiga yowe, "Bibi yuko juu!" Kisha akakaa chini.

Suqin alisimulia sehemu hii mara nyingi, na kila mara alisimulia vilevile. Alisema hakuamua chochote. Alitoka akilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, akapanda ngazi akizishika kwa mikono. Bibi Cai alikuwa amejikunja chini ya meza ya matambiko.

"Rudi, mjinga wewe! Nyumba inaanguka!"

"Siwezi kurudi peke yangu, Bibi, naogopa! Panda mgongoni!"

Bibi akapanda. Katikati ya ngazi kombora lilipiga uso wa nyumba, nguzo moja ikaporomoka, na vumbi likawafunika wasione kitu. Suqin alishuka akihesabu ngazi kwa vidole vya miguu mpaka akagusa sakafu. Tianci alipofika kesho yake, akitambaa kando ya mifereji, aliwakuta wote wanne hai mnarani. Bibi Cai hakungoja salamu. "Huyu ndiye," alimwambia mjukuu wake. "Amejikojolea, na amenileta."

Walifunga ndoa tarehe 12 Februari 1960. Tarehe aliichagua Suqin, maana tangu mwisho wa 1958, kwa miaka ishirini hivi, makombora yalikuja siku za witiri tu: moja, tatu, tano. Siku hizo hakupika nje ya mnara, hakuanika nguo, hakumruhusu mtu kuoga. Uchungu wa mtoto wake wa kwanza, Huimin, ulimshika tarehe 17, akalipigia tumbo lake kelele, "Subiri kesho!" Huimin hakusubiri. Alizaliwa mnarani, na mama yake alimtania hivyo hadi uzeeni: "Hata kuzaliwa hukunisikiliza."

Nyumba ilipokarabatiwa mwaka 1995, ukoo ulimkabidhi funguo, naye akawatembeza wageni kwa miaka ishirini na mbili. Kila asubuhi alisimama kizingitini akapaza sauti, "Ni mimi, Suqin, naingia!" Wageni walipomuuliza kama nyumba ina mizimu, aliwajibu, "Nyie mkiondoka saa kumi, mimi naondoka saa kumi kasoro dakika tano."

Mumewe alifariki mwaka 2008. Moyo wa Suqin ulianza kushindwa mwaka 2019. Desturi yetu ni kumlaza mgonjwa mahututi ukumbini, mbele ya vibao vya mababu, angojee huko. Alikataa katakata. "Huimin, msinipeleke kule ningali naona. Naogopa."

"Mama, unaogopa nini? Wote ni watu wako."

"Ndiyo. Na wote wamekufa."

Hakupelekwa. Alifariki kitandani kwake tarehe 8 Novemba 2021, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Hofu haikumwacha hadi mwisho, na hatutadanganya hapa kwamba ilimwacha. Alimshika Huimin kidole gumba kwa nguvu, na kikabaki na alama ya kucha hadi jana.

Ameacha binti, Huimin. Wana wawili, Guozhong na Guorong. Wajukuu saba na vitukuu wanne.

Wapiga fataki wa mazishi wamekwisha lipwa, na wameombwa warudi nyumbani. Tutamsindikiza Suqin kwa miguu, polepole, bila mlio wowote. Udongo wa Kinmen umpokee taratibu, naye alale kwa amani.