Madamu Saliha na Kipande cha Chupa

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Leo tunamkumbuka Madamu Saliha wa Buyenzi, mwalimu wa sayansi, aliyetutoka juma lililopita. Aliyetusimulia ni mumewe, mzee Massoudi, fundi magari.

Madamu Saliha alifundisha mawe. Ndiyo, mawe! Mtoto akimuuliza tofauti ya mwamba na madini, alimpeleka jikoni. Mwamba ni pilau: mna mchele, nyama, viungo. Madini ni mchele peke yake. Narudia: mwamba ni mchanganyiko, madini ni kitu kimoja. Massoudi anacheka akikumbuka meza yao ilivyojaa mawe, sahani zikakosa pa kukaa.

Halafu macho yakaanza kufifia. Akaficha. Aliogopa kunyang'anywa darasa, na darasa ndilo lililokuwa uhai wake. Hata Massoudi hakuambiwa.

Siku moja mwanafunzi wake Mélissa alimletea kitu cheupe, laini, alichookota ufukweni mwa ziwa, kule Kibenga. Kwa kawaida Madamu angekikwaruza kwanza kwenye kioo, maana madini ya kwatzi huchora kioo. Siku hiyo alijiamini mno. "Kwatzi safi," akasema. Darasa likaangua kicheko. Kilikuwa kipande cha chupa kilicholainishwa na ziwa, na herufi zake bado zilisomeka.

Jioni akamweleza mumewe yote, akalia. "Mi naacha kazi," alisema.

"Apana, Saliha. We uwaambie tu ukweli."

Kesho yake akasimama mbele ya darasa. "Batoto, jana nilikosea. Macho yangu ilishachoka. Sasa mutakuwa munaniambia yenye munaona, na mi nitawaambia ni nini." Akafundisha hivyo hadi alipostaafu. Mélissa, leo mama wa watoto, anasema hajawahi kusikilizwa na mtu mzima namna ile.

Alipostaafu, zamu ikawa ya Massoudi. Kila walipotembea alimsomea mawe ya njiani: hili lina madoa meusi, hili linang'aa pembeni. Baada ya mazishi, anasema, alijikuta uani akieleza jiwe kwa sauti. Akangoja Saliha amjibu.

Tunampa pole mzee Massoudi, binti yao Adija na jamaa wote. Mungu amrehemu. Nasi tujiulize, wapendwa: ni nani tunayemficha udhaifu wetu, naye angetushika mkono kwa furaha?

Mzee Massoudi, redio yako imewashwa, tunajua. Jiwe lile la uani, lina rangi gani? Tuambie, baba. Tunasikiliza.