Nilivyohamia Kanada Nikaishia Makambako

Kamwene, wapendwa! Msinicheke kabla sijaanza, kicheko kipo mbele.

Mke wangu ni muuguzi, yuko Kanada. Aliposema ameanza kuniombea ukaazi wa kudumu, mimi siku hiyohiyo nikawa Mkanada. Kesho yake nikaandika barua ya kuacha kazi kiwanda cha mbao, nilikotumika miaka kumi na minne. Niliwaza hivi: nachukua mafao yangu ya uzeeni yote, napanda ndege. Nani angeniambia nisome masharti, mimi niliyemaliza kidato cha nne masomo ya jioni, ndevu zikigusa daftari? Nikachinja nguruwe wawili. Pombe ya ulanzi iliyomwagika siku ile ingezungusha mashine ya kusaga. Nanyi mkaniombea hapahapa, mkanipa blanketi zito.

Jumatatu nikaingia ofisi ya mafao Njombe, nimefunga tai. Afisa, binti mpole, akauliza, "Baba, kibali cha ukaazi kiko wapi?"

"Kinakuja."

"Basi nawe uje kikija. Michango yako ipo, haiozi."

Ndugu zangu, nawaambia, tai niliivua palepale. Kazi sina, mafao sina, na kijiji kizima kimeshaniaga! Ningerudije na blanketi lenu begani? Nikapanda gari hadi Makambako, nikapanga chumba jirani na stendi, nikawa nabeba magunia ya viazi. Shangazi, yule pale nyuma anayejificha kwa kanga, akipiga simu namwambia, "Huku Kanada baridi inakata masikio!" Kwa baridi sikudanganya.

Mwezi wa saba njaa ikanikutanisha na bwana mmoja mwenye koti linalong'aa. "Mzee, nakutengenezea karatasi kwamba umeshahama. Weka sahihi tu, tunagawana nusu kwa nusu." Miaka kumi na minne ya kumeza vumbi la mbao, nusu aile mwenye koti! Na bado nilishika kalamu.

Simu ikaita. Shangazi. Napokea tu, kondakta akapasua anga dirishani: "Njombe, Songea! Songea, wawili tu!"

Shangazi akauliza, "Mwanangu, huko Kanada nako wanakwenda Songea?"

"Shangazi, hao... hao ni wahamiaji wenzangu."

"Wanahamia Songea?"

Nikalia, wapendwa. Nililia hadi stendi ikakaribia kufurika. Nikamweleza yote, mpaka kalamu iliyokuwa mkononi.

"Iweke chini," akasema. "Karatasi ya uongo itakupeleka jela, siyo Kanada. Nakuja."

Akaja na viazi vya kuchemsha na hasira, akaniburuta hadi ofisi ileile. Mama huyu hajakalia dawati hata siku moja, lakini aliuliza ambayo msomi wenu sikuyauliza. "Akihama bila kuchukua mafao, yanapotea?" Binti akajibu hayapotei, anaweza kuyaacha, akayadai akifikisha umri wa kustaafu, hata akiwa huko. "Na akifa huko, wanamjua mkewe?" Binti akafungua faili. Humo kulikuwa na jina moja tu, la mama yangu mzazi, tuliyemzika zamani. Siku hiyohiyo nikamwandikisha mke wangu.

Kiwandani wakanipokea tena, safari hii kibarua. Nikarudi na kwenu, blanketi begani, mkanicheka wiki nzima, kisha mkaniletea mahindi. Sitasahau.

Sasa kibali kimetoka. Hiki hapa, kipitisheni, ila aliyekula parachichi anawe kwanza! Mafao nimeamua kuyaacha yakae yanisubiri uzeeni. Anwani ya huko nimeandikisha, akaunti ya benki naiacha hai, na nakala za kila karatasi ziko kwenye sanduku la Shangazi, chini ya kanga zake za sikukuu. Huko hata mwizi anaogopa.

Anayetaka kuhama asinifuate mimi, amfuate Shangazi: ulizeni kwanza, barua ya kuacha kazi baadaye, kuaga mwisho kabisa. Asante, Shangazi. Asanteni kwa mahindi, hata kwa vicheko.

Jumamosi naondoka. Nguruwe hajachinjwa. Nikifika nitapiga simu, nanyi msikilize vizuri kinachosikika nyuma yangu.